Paredi ya Kujitambulisha

Molo, 11 Mei 2008

Shangazi yangu Sundus,

Assalaam aleikum. Natumai goti limetulia, na mwanao Yaseen na watoto wake ni wazima. Sisi huku tunashukuru, ila baridi ya Molo unaijua, asubuhi nashika chaki nikiwa nimevaa glavu.

Nilimaliza yale mafunzo ya walimu walezi kule Nakuru. Tulifundishwa namna ya kukaa na wanafunzi walioingiwa na kiwewe tangu fujo za uchaguzi za Januari: tusikilize, tusiwaharakishe, na turudishe mazoea ya shule waliyoyapenda. Hapo nikakukumbuka wewe. Nikairudisha paredi ya kujitambulisha uliyoianzisha ulipokuwa ukifundisha hapa. Kila msichana anasimama, anataja jina, anakotoka na kinacholimwa kwao, wenzake wanampigia makofi. Enzi zetu wa Olenguruone wakitaja pareto, wa Elburgon karoti, na wewe pale mbele, leso begani, ukicheka kutushinda sote. Katika miaka yangu yote ya shule hakuna siku niliyoipenda kama hiyo.

Ilipofika zamu ya Wangeci wa kidato cha pili, nilimuuliza kwa upole, "Unatoka wapi, Wangeci?" Alikimbia hadi nje ya lango. Hajarudi, na hata kwa mamake hasemi kitu. Mwalimu mkuu anasema muhula ukiisha, nafasi yake atapewa mwingine. Shangazi, nilikosea wapi? Nijibu upesi.

Mwanao,
Kuluthum

Lanet, 29 Juni 2008

Mwanangu Kuluthum,

Waaleikum salaam. Goti ni la uzee, tuliache. Najua umengoja sana. Barua hii nimeianza na kuichana sijui mara ngapi.

Paredi ile naikumbuka, na naitamani hadi kifua kinauma. Lakini mwaka huu swali lile si letu tena. Siku niliyotoka Molo, Januari ile, kabla ya kufika Salgaa, vijana walikuwa wamepanga mawe na magogo barabarani, wakichuja abiria kwa kabila. Mmoja alichungulia ndani ya gari akaniuliza, kama anayemwita mamake, "Mathe, unatoka wapi?" Naye aliuliza kwa upole. Mama niliyekaa naye alitangulia kujibu, wakamteremsha. Sikumwona tena. Hata Yaseen sijamwambia haya.

Huenda msichana wako alisikia swali hilohilo. Sikulaumu, hata mimi ningefanya ulivyofanya. Mwendee, lakini usimuulize anakotoka wala yaliyompata. Muulize anataka nini.

Shangazi yako,
Sundus

Molo, 13 Julai 2008

Shangazi mpendwa,

Assalaam aleikum. U hali gani, na usingizi unaupata? Barua yako niliisoma nikalia. Asante kwa kuniambia.

Nilienda kambi ya waliofukuzwa makwao, kwenye hema la akina Wangeci, nikamkuta anachambua maharagwe. Nikakaa tukachambua pamoja. Nilimwambia kwamba nilikosea na paredi ile nimeisimamisha, kisha nikamuuliza anataka nini. Alimalizia kwanza maharagwe yaliyobaki. Akasema, "Nataka kurudi shule, mwalimu. Lakini ile kona ya posho mill, pale kwenye kinu cha unga, siwezi kuipita peke yangu." Hapo ndipo babake aliulizwa anakotoka.

Sasa kila asubuhi nampitia kambini, na kona ile tunaipita tumeshikana mikono. Jana alinilalamikia hesabu za aljebra njia nzima, nami nilifurahi kama mjinga. Nafasi yake bado ni yake.

Walimu walezi watakutana hapa shuleni mwezi wa Agosti. Utakuja uzungumze nao?

Mwanao,
Kuluthum

Lanet, 20 Julai 2008

Mwanangu,

Waaleikum salaam. Tu wazima, alhamdulillahi. Mwambie Wangeci kwamba hata mimi aljebra ilinitoa machozi.

Yaseen anadhani nimeizoea Lanet. Ukweli ni kwamba Molo naiota: mvua ya alasiri, moshi wa jikoni, sauti za wasichana wakitoka darasani. Nataka sana kuja. Lakini tangu Januari barabara ile sijaikanyaga, na kila nikipanga safari nasingizia goti.

Usinitumie dereva. Njoo unichukue wewe mwenyewe, na tukikaribia Salgaa, unishike mkono.

Shangazi yako,
Sundus