Mafuta Niliyoyakimbia

Jumatano jioni, mtaani Satellite.

Manyunyu ya Julai yameshinda juu ya mabati tangu asubuhi. Nguo nilizoanika juzi hazijakauka. Nazunguka ndani ya nyumba nimevaa koti la mume wangu, nikijiambia ni kwa sababu ya baridi.

Kesho asubuhi atafanyiwa upasuaji.

Nieleze kidogo, maana kueleza ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Nilifundisha baiolojia katika shule za sekondari hadi nilipostaafu, na tangu hapo nafundisha darasa la dini la watu wazima katika parokia yetu. Kuna mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni na kushuka hadi tumboni. Wa mume wangu, Baba Nekesa, umetuna, kama tyubu ya baiskeli inavyofanya kivimbe mahali palipochakaa. Kivimbe hicho kinaweza kukaa hivyo mwaka mzima, au kikapasuka mtu akiwa anakunywa chai. Daktari atakata mahali hapo na kushonea bomba la kitambaa maalum. Kwa umri wa mzee, alisema, kuna hatari tukiuacha na kuna hatari tukiugusa. Nilimshukuru kwa kutuambia ukweli, ingawa sikuutaka.

Jumamosi, kabla hajalazwa, Baba Nekesa aliniita. "Mwalimu," akasema, na huniita hivyo anapotaka kitu, "mwambie Fatha aje anipake mafuta kabla sijaingia huko."

"Nitampigia."

Jumapili akaniuliza tena. Nikamwambia, "Nimempigia, hapatikani."

Sikuwa nimempigia.

Kwa wasomaji wa ukurasa huu ambao si wa kanisa letu: padre humpaka mgonjwa mafuta yaliyobarikiwa kwenye paji la uso na viganja, akimwombea nguvu, amani na msamaha. Ni sakramenti ya wagonjwa. Si ya maiti, wala si tiketi ya kuondokea. Lakini zamani watu walizoea kumwita padre wakati mgonjwa ameshakata kauli, na hadi leo wengi wakimwona anaingia wodini na kamkoba kake, wanatetemeka. Mama mmoja wa jumuiya yetu aliwahi kumwambia padre mlangoni kwamba bibi mgonjwa amelala, naye bibi yuko macho, anawasikia. Nimekisimulia kisa hicho darasani mara nyingi. Watu hucheka sana. Mimi pia nilikuwa nikicheka.

Huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba kuyaogopa mafuta ni kama kuiogopa ambulensi kwa sababu waliobebwa nayo wamekufa. Mfano mzuri, naupenda. Nimegundua wiki hii kwamba haunisaidii hata kidogo.

Baba yangu alipakwa mafuta katika hospitali moja huko kwetu magharibi nikiwa msichana. Padre alikuja kwa pikipiki. Kabla hajaiwasha aondoke, tulikuwa tumeanza kulia. Najua vizuri kilichomuua baba yangu, ilikuwa figo. Lakini kinachojua hayo ni kichwa. Tumbo langu linajua pikipiki tu.

Jumatatu, baada ya kumlaza mzee hospitalini kule Parklands, nilishuka mjini kumtafutia soksi zile za kubana miguu zinazovaliwa wakati wa upasuaji. Nilipozipata, nikaingia kanisani katikati ya mji, kwenye misa ya saa ya chakula, ile ya watu wa ofisi. Nilikaa nyuma kabisa na soksi mapajani. Sikuweza kuomba. Misa ilipokwisha, padre akasimama mlangoni kusalimiana na watu. Ingekuwa rahisi kumwambia, Padre, nina mgonjwa, naomba uende ukampake mafuta. Nilimwona akinitazama kwa upole, kama aliyeona nina neno.

Nikatokea mlango wa pembeni.

Basi hiyo ndiyo imani yangu, ya miaka hii yote. Ilifika mlangoni ikapita pembeni.

Leo mchana binti yetu Nekesa alinipitia kwa gari kutoka Kilimani, tukaenda hospitali. Tulipoingia wodini nilimkuta padre wetu wa parokia, kijana mdogo, ameketi kando ya kitanda cha mume wangu.

"Karibu, Mwalimu," akaniambia, kana kwamba mimi ndiye mgeni.

"Nilimpigia mwenyewe jana," akasema Baba Nekesa. "Alishika simu hata haijalia mara mbili. Huyo wako asiyepatikana sijui ni Fatha wa wapi."

Nekesa akaniangalia. Mimi nikaiangalia chupa ya maji inayoning'inia juu ya kitanda.

"Mama Nekesa, si wewe huwaambia watu wa darasa lako kwamba haya mafuta hayajawahi kuua mtu?"

"Huwaambia."

"Sasa?"

"Sasa ni wewe," nikasema. "Hao hawakuwa wewe."

Akasogea kidogo ili niketi kando yake.

Padre alimwita muuguzi, msichana wa rasta ndefu zilizofungwa kisogoni. "Sista, anaweza kupokea Komunyo? Ama ameshakatazwa kula?"

"Kula ni mpaka usiku, Fatha. Na hiyo yenu ilivyo nyembamba, hata sukari haipandishi."

Baba Nekesa akaangua kicheko mpaka akashika tumbo. "Usicheke!" nikampigia kelele, wodi nzima ikageuka. Akilini nilikuwa nimeuona ule mshipa ukipasuka.

"Tulia, shosh," muuguzi akaniambia kama anayesema na bibi yake, akanishika bega. "Kucheka tunaruhusu."

Padre akafungua kichupa chake, akampaka mzee paji la uso, kisha viganja. Nilimtazama mume wangu jinsi unavyomtazama mtoto aliyesimama kando ya barabara kubwa. Nilikuwa nangoja kitu. Hakikutokea. Alijikuna pua, akasema yananukia kachumbari ya hoteli kubwa.

Ndipo padre akanigeukia. "Na wewe, Mwalimu?"

"Mimi siumwi, Fatha."

"Unalala?"

Nikamnyooshea mzee shuka.

"Na chakula hali," Nekesa akasema.

"Unajua kuliko mimi kwamba sakramenti hii ni ya wazee waliodhoofika pia," akasema padre taratibu.

Ni kweli, nafundisha hivyo. Sikuwahi kufikiri anayesemwa ni mimi.

"Mpake, Fatha," akasema Baba Nekesa. "Kati yetu wawili, huyu ndiye mgonjwa."

Nilinyoosha mikono. Niandike hapa kilichokuwa moyoni, ingawa hakistahili mwalimu wa dini. Nilisema: kama haya mafuta yanaita kifo, basi yaniite na mimi, twende pamoja. Hiyo ndiyo sala niliyokuwa nayo. Nadhani Mungu hupokea hata za namna hiyo, kwa sababu wakati mwingine mtu hana nyingine.

Sikusikia joto wala umeme, kama wengine wanavyoshuhudia. Yalikuwa mafuta baridi na kidole gumba cha kijana wa watu. Lakini mabega yangu yalishuka. Siku zote hizi nilikuwa nimejisimamisha kama askari wa lango, nikimzuia Kristo asiingie wodini, nikidhani Yeye na kifo wanasafiri pamoja. Kazi hiyo inachosha. Na ilikuwa ya bure, maana alikuwa huko ndani tangu Jumatatu, kando ya mzee, na aliyebaki nje ni mimi.

Kisha tukasali Baba Yetu. Pale tunapoomba mapenzi yake yatimizwe, nilikwama. Nimesema maneno hayo tangu utotoni bila kuyawekea breki, na leo hayakutoka. Padre na Nekesa wakasubiri. Baba Nekesa alikuwa ameushika mkono wangu, viganja vyetu vinateleza kwa mafuta, na akaningoja bila kunivuta. Nililia kwanza. Halafu nikayasema, kwa sauti ndogo, tukaendelea na mkate wetu wa kila siku.

Sijapewa ahadi yoyote. Nasema hivi kwa sababu najua wanaosoma hapa wana wagonjwa wao, na sitaki mtu adhani nimeambiwa atapona. Huenda kesho daktari akatoka na uso ule ambao nimekuwa nikiuota.

Nekesa amelala chumba chake cha zamani. Nimekula ugali kidogo, umeshuka. Asubuhi tutakaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, na nimeamua sitamweleza mtu yeyote jinsi mshipa unavyoshonwa.

Nimemwomba Mungu aniachie huyu mzee. Nimeomba bila adabu, nikirudiarudia kama mtoto dukani. Sasa nazima taa. Nikilala, sawa. Nisipolala, angalau leo sitakuwa macho nikimkwepa Yeye.