Fundi Asiyesema Kesho

Mbotela, Nairobi
Jumapili jioni

Mama mpendwa,

Habari za Kitui, na hilo goti je? Natumaini dawa ya kuchua niliyompa shangazi Mumbua ilifika, na kwamba unaipaka, hujaifungia kabatini ukingoja siku ya kuumwa zaidi. Nakujua. Mimi huku ni mzima. Shingo inauma jioni, lakini hiyo ni shingo ya kila anayeinamia cherehani. Mvua imenyesha siku tatu na mbele ya kibanda changu pamejaa matope, wateja wanaruka kama vyura. Tunashukuru Mungu.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako siku hizi huishia mkononi mwa Kaka Kyalo, na Kyalo akishaishika ni yeye tu anayesema. Barua hataikatiza. Isome wewe kwanza, kisha umpe.

Vitambaa thelathini ulivyotuma kwa basi vimefika, pamoja na vipimo vya kina mama wote wa kikundi chako cha kanisa. Nimesikia pia kwamba ulisimama kanisani ukawaahidi kwamba binti yako wa Nairobi atashona sare zote kabla askofu hajafika, Jumapili baada ya ijayo. Naye Kyalo amenipigia kuniambia nikishindwa na hizo, basi Nairobi imenishinda, nifunge kibanda nirudi kuuza mbolea dukani kwake. Mama, thelathini sishoni. Na sirudi. Ukikasirika, kasirika, lakini endelea kusoma.

Unajua mafundi wa nguo tulivyo. "Njoo kesho" kwetu ni kama salamu. Ukimwambia mteja wiki ijayo, anaondoka na kitambaa chake kwapani. Kwa hiyo unampokea kila anayekuja, unamwambia kesho, na kesho yake unamwambia stima ilipotea. Nami nilikuwa hivyo miaka miwili. Nilikuwa na rundo la nguo limefika dirishani, na wateja wakinijia nilijificha nyuma ya mapazia ya jirani yangu Bi Rukia, anayeuza vitambaa.

Mwaka jana alikuja Mama Njeri, karani mmoja anayeishi mistari miwili ya nyumba kutoka kwangu. Babake alikuwa amefariki, akataka rinda jeusi la mazishi. Nikamwambia kesho. Nilimwambia kesho mara nne, Mama, na mara ya nne hata mkasi sikuwa nimeugusa. Alienda kumzika babake na rinda la kuazima lisilomfunga mgongoni, akajifunika kwa shali kwenye jua. Aliporudi nilijua nitatukanwa mbele ya watu. Hakutukana. Alichukua kitambaa chake, akakikunja polepole, akasema, "Fundi, ungeniambia tu huwezi. Ningepata mwingine siku hiyo hiyo."

Nilifunga kibanda nikalia. Sikuwa nimelia hivyo tangu nije Nairobi.

Wiki iliyofuata nilijipima mwenyewe badala ya kupima wateja. Nikaangalia kwa saa ninachoweza kumaliza kwa siku, kushona kwa kweli, si kwa mdomo. Ni nguo tatu. Nilitegemea kumi. Basi nikachukua katoni, nikachora siku za wiki, kila siku na nafasi tatu, nikaitundika mahali kila mtu anaiona. Siku ikijaa, imejaa. Simu naiweka ndani ya droo mpaka saa sita, na kukata nafanya asubuhi, kabla wapiga soga hawajafika.

Bi Rukia alicheka hadi akaketi. "We Mwende, fundi gani hasemi kesho? Utakufa njaa na ukweli wako."

"Nikifa utanizika na kitambaa chako, Bi Rukia."

"Kwa bei gani?" akasema.

Na njaa niliiona kweli. Sitakuficha. Mwezi mzima watu walisoma ile katoni, wakaguna, wakaenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Niliishi kwa githeri na chai ya strungi, bila maziwa. Hapo ndipo kuna mtu alimfikishia Kyalo kwamba nimeanguka, naye hadi leo hajasikia yaliyofuata. Siku moja alikuja dereva mmoja na suruali mbili, akasimama mlangoni.

"Niaje, fundi. Ni wewe ukisema Alhamisi inakuwanga Alhamisi?"

"Ni mimi."

"Basi nipime. Nimetoka Ziwani mguu mosi mguu pili juu yako."

Alhamisi alizikuta zimepigwa pasi. Baada yake walikuja wenzake, na baada ya wenzake, wake zao. Sijatajirika, Mama, lakini silipi kodi kwa kubembeleza tena na sijifichi nyuma ya mapazia ya mtu. Mama Njeri mwenyewe alirudi mwezi uliopita. Aliisoma katoni kwanza, kisha akanipa kitambaa.

Kyalo ananitumia video za watu wenye suti wanaosema niamke saa kumi alfajiri na nisimkatalie mteja kamwe. Mwambie naamka saa kumi na moja, inatosha. Na kukataa ndiko kulikoniokoa. Anasema pia nikeshe. Nilishawahi kukesha, nikashona mikono ya koti nje ndani.

Sasa sikiliza. Kuanzia kesho Jumatatu hadi Ijumaa ya wiki ya pili ni siku kumi na moja za kazi, kwa hiyo nguo thelathini na tatu. Kumi na tano ni za watu waliotangulia. Utasema hao ni watu baki nami ni damu yako. Ni kweli, lakini walinipa kazi wakaniamini, na siwezi kuwaambia kwamba mamangu amewapita foleni. Zinabaki kumi na nane. Hizo nitashona, na zitakuwa kwenye basi la Jumamosi asubuhi.

Ndani ya furushi hili kuna vitambaa kumi na viwili ambavyo havijakatwa, kila kimoja na kipimo chake na mchoro wa mshono. Nimempigia Musyoka, fundi wa hapo sokoni. Nilimuuliza atamaliza lini, akajibu bila aibu, "Walete, waje kesho." Nikamwambia, Musyoka, mimi pia ni fundi. Akacheka, akasema Alhamisi ya wiki ya pili. Mshikilie hapo.

Najua itakubidi kusimama tena mbele ya kikundi useme uliahidi bila kuniuliza. Nasikitika, na sitaomba msamaha. Ni wewe uliyenifunza ahadi ni deni. Hukunifunza kwamba mtu anaweza kukopa kwa jina la mwingine.

Msalimu shangazi Mumbua, mwambie blauzi yake iko Jumatano. Msalimu Ndinda, mke wa Kyalo, na mtoto wao. Kyalo mwenyewe mwambie nampenda, na mbolea auze yeye.

La mwisho, Mama. Niliwaweka kwenye zile kumi na nane wajane na wanaokaa mbali na soko. Wewe unakaa karibu na Musyoka. Nilikishika kitambaa chako mara tatu nikitaka kuanza nacho, na mara tatu nikakirudisha, kwa sababu kina mama wakikuona umevaa mshono wangu nao wamepelekwa sokoni, hawataniamini mimi wala wewe. Kiko juu kabisa ya furushi. Uwe wa kwanza kukipeleka.

Ni mimi bintiyo ninayekupenda,
Mwende