Leseni ya Redio ya Mama

Mdogo wangu Ramadhani,

Wengi hukosea hapa: hudhani aliyelipia leseni ya redio lazima asikie anachokitaka. Sivyo. Sanduku la redio tulilinunua, likawa letu. Leseni ni ruhusa ya kusikiliza tu, nayo huisha kila mwaka. Kusema ni kazi ya aliye upande wa pili.

Nakuandikia gazetini kwa sababu barua zangu tatu nilizotuma huko kwenye mashamba ya mkonge zimerudi bila kufunguliwa.

Unakumbuka siku tulipoileta redio Msimbu juu ya baiskeli yako, tumeizungushia mkeka? Ulipanda mkorosho kufunga waya. Sauti ilipotoka, mama alijitanda kanga haraka, akanong'ona, "Ramadhani, mgeni wa kiume yumo chumbani na hukuniambia." Ulicheka mpaka ukakaa chini. Asubuhi ya kuondoka kwenda Tanga ulimshika mikono. "Mama, kaka akishalipia tu, utanisikia humu." Ulitaka asilie. Nami, mwalimu mzima, nikanyamaza.

Sasa mama hainuki kitandani. Kila Jumamosi, kipindi cha salamu kinapoanza, tunamwegemeza ukutani. Wanatajwa watu wa Visiga, wa Pangani. Wewe kimya. Mama hunigeukia mimi.

"Umelipia kweli?"

Nilimwonyesha karatasi ya leseni.

"Hiyo ya mwaka jana. Wewe bahili tangu utoto."

Nimemweleza polepole, kama ninavyokueleza wewe. Yeye huitikia, kisha husema, "Kalipie tena."

Wiki iliyopita nilikwenda bomani Kisarawe kulipia tena. Karani aliitazama karatasi yangu, akanitazama mimi.

"Shikamoo, mwalimu. Hii bado ina miezi."

"Marahaba. Najua."

"Sasa unalipia nini?"

Nilisimama pale dirishani mpaka watu wa nyuma wakaanza kuguna.

Ramadhani, nimeishiwa maelezo. Tangu juzi mama anakunywa uji kwa kijiko, tena vijiko viwili tu. Kama una aibu ya jambo lolote, hatutakuuliza. Kama umekasirika nami, endelea kukasirika nami. Yeye anaamini mimi ndiye ninayekuzuia usisikike.

Leo, kabla hujaingia shambani, andika salamu kwa mama, utaje jina lake na lako, uzipeleke posta zifike redioni.

Kaka yako, Msimbu