Jina la Mwita, Ambaye Hakuwahi Kuzaliwa

Jumamosi. Baridi ya Tarime leo haina adabu. Saa nne hii ukungu bado umekaa juu ya mabati ya Nyamisangura na mimi nimejifunga shuka la mtoto. Sijalala vizuri wiki nzima. Ghati, mke wangu, anadhani ni kwa sababu ya kichanga. Kichanga kinalala kuliko mimi.

Kinachonikosesha usingizi ni jina lake. Bado hana. Mchana tunampeleka Gorong'a kwa Bibi Robhi, na Bibi ameshatuma salamu kwamba jina lipo tayari: Mwita. Jina la baba yangu.

Baba yangu hakuwahi kuzaliwa.

Wageni wa blogu hii nawaeleza, wenyeji mruke. Bibi hakujaliwa mtoto wa kiume, na kwetu mwanamke wa namna hiyo nyumba yake haina wa kuirithi. Basi akafuata desturi ya nyumba ntobhu. Alitoa ng'ombe, akamwoa mama yangu kwa ajili ya mwanawe Mwita, mwana ambaye hayupo na hajawahi kuwepo. Mama ni mke wa Mwita. Mimi, Marwa, ni mtoto wa Mwita. Mwanaume aliyenizaa kwa damu hatajwi. Niliwahi kuyaona masikio yangu kwenye kichwa cha mtu mmoja mnadani, nikabadili njia.

Nimekua na huyo Mwita. Kwa Bibi kuna kigoda chake, hakikaliwi na mtu. Nikivunja kitu naambiwa baba yako asingefurahi. Utotoni niliamini yuko chumba cha pili anasikiliza. Leo nina ndevu na mtoto, na bado nikiingia nyumba ile sauti yangu inashuka yenyewe.

Halafu kuna kazi yangu ya kujitolea. Kuna hifadhidata huria, yaani programu ya kutunzia taarifa ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote mwenye moyo wa kuuboresha, na sisi wachache wa nchi mbalimbali tunaiongezea zile funksheni za JSON, yaani amri ndogo ndogo, zilizomo kwenye kiwango cha kimataifa. Lengo ni kwamba swali likiandikwa huku, lijibiwe vilevile kwenye hifadhidata nyingine. JSON yenyewe si uchawi. Unaandika taarifa kwa jozi: jina, halafu thamani yake. Mimi nimepewa JSON_OBJECT, inayochukua taarifa za kwenye jedwali na kuzifunga katika jozi hizo.

Niliiandika vizuri, isipokuwa mahali pamoja. Thamani ikiwa tupu, nilifuta na jina lake. Sikufikiri mara mbili, niliona ni usafi tu.

Juzi mkaguzi wa kazi yetu, mama mmoja wa nchi ya mbali ambaye sijawahi kumwona, akanirudishia. Kwa upole akaeleza kwamba kiwango kinataka jina libaki na mbele yake iandikwe null, yaani tupu. Linafutwa pale tu mwulizaji anapoomba lifutwe. Akanishauri nijaribu mwenyewe. Ukiuliza kwa JSON_EXISTS kama jina lipo, jibu ni ndiyo. Ukiomba thamani yake kwa JSON_VALUE, hupati kitu.

Nikajaribu. Jina la mfano lingeweza kuwa lolote, hata "embe". Vidole vyangu vikaandika "baba".

Lipo? Ndiyo.

Ni nani? Tupu.

Nikafunga kompyuta, nikaenda kusimama uani kwenye manyunyu. Niliogopa. Mtu mzima naogopa kompyuta niliyoinunua mwenyewe. Tangu hapo sijamjibu yule mkaguzi, na nimeshaamua kumkatalia Bibi. Mwanangu apewe jina la mtu aliyewahi kula ugali.

Jioni. Tumerudi. Kabla sijavua viatu nimesahihisha msimbo na kuutuma, jina linabaki hata likiwa tupu. Ngoja nieleze kwa nini.

Tulimkuta Bibi kitandani, miguu haimbebi tena. Tukamwamkia shikamoo, akampokea mtoto. Nikasema nililolipanga njia nzima: kwamba jina hilo ni zito, halina mtu ndani yake, naomba tumpe jingine. Mama, ambaye bado anaishi naye, akainamisha kichwa. Ghati akanikanyaga mguu.

Nilitegemea hasira. Bibi ana hasira za kuutosha ukoo mzima na za akiba. Hakukasirika.

"Mura," akasema, yaani kijana, "unafikiri mimi sijui kwamba hayupo? Nimemwita huyo mtoto maisha yangu yote. Nikilima, namwita. Nikiumwa, namwita. Hakuna siku ameitika."

Akamtazama mtoto aliyempakata. "Nipe mmoja wa kuitika. Nisikie tu, hata mara moja."

Miaka yote nilidhani mzimu ule ni wangu peke yangu, na kwamba Bibi ndiye aliyetuletea ndani. Kumbe ulimkalia yeye kwanza, kabla yangu na kabla ya mama, na hakuwa na wa kumwambia. Niliona aibu, halafu nikamwonea huruma.

Nikasema sawa, Bibi. Aitwe Mwita.

Akamwinamia mtoto, akaita taratibu, kama mtu anayebisha hodi huku akiogopa kuwasumbua wenyeji. "Mwita."

Mtoto alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi. Bibi akaita tena, kisha akatega sikio. Nikaona jinsi alivyozoea kungoja.

Mtoto mchanga akiitwa, mkubwa aliye karibu huitika kwa niaba yake. Ghati alikuwa analia. Mama alikuwa ameugeukia ukuta. Nikabaki mimi.

"Naam, mama," nikasema.