Lampe Tatu ya Papa Kyabu

Mwaka moja inatimia leo, Papa Lucien Kyabu, tangu homa ilikubeba mu siku ine, na weye ulienda na siri mu kifua. Bengine banaandika kumbukumbu na machozi tu. Minyi Tamar, bibi yako, niko naandika na machozi na kasirani. Utanisikia mpaka mwisho.

Wema yako hatuisahau. Muchana ulitumika ku atelier, pale banatengeneza gari ya moshi, na ukirudia nyumbani ulitengeneza radio ya bantu. Mutu akileta kuku ya kukushukuru, ulimurudisha nayo ku mulango. Kila waya uliyounga, ulikuwa unaifunga na uzi mwekundu ya mashine yangu ya kushona. "Njo sinyature yangu," ulisema. Minyi nikakosa uzi kila mwezi.

Na ile ampli ya korali, mashine ya kukuza sauti ya gitare na bass, uliyoijenga mu kisanduku ya mbao na lampe tatu, zile chupa ndogo za kioo za radio ya zamani! Transistori ulikuwa unaichukia. "Transistori inaimba na meno," ulisema, "lampe inaimba na tumbo." Amédée, mupiga bass yako, alicheka: "Vieux, lampe inavunjika ovyo. Transistori tunaitupa mu kamio, tunafika nayo Kaniama, na inaimba!" Muliteta vile miaka kumi, na kila siku ya posho, mwisho ya juma, mulikula bukari ku sahani moja.

Lampe ilikuwa inaomba muda ya kupata moto na kuwaka mwekundu. Weye ulisema tungoje na sala. Korali yote inasimama, inasema Baba Yetu, na ku Amina ampli inaanza kuimba. Batoto yetu Augustine na Chancelvie balijifunza ile sala mbele ya ampli, hapana ku kanisa.

Sasa tufike ku kilio yako, usiku ya matanga. Augustine aliwasha ampli, tukaanza sala. Hatukufika hata ku "uliye mbinguni", ikaimba! Na sauti nyembamba, ya mbuzi. Transistori haingoje mutu amalize kusali. Aza! Bameiba lampe ya marehemu, na maiti iko ndani ya nyumba!

Nani alikuwa anapenda transistori? Nilimuuliza Amédée mbele ya bantu bote. Akaangalia chini. "Mama Tamar, sikuiba. Ile ingine sitasema." Mutu asiyekosa anaangalia chini juu ya nini? Tulimusimamisha ku mukeka ya kilio, tukamufukuza. Korali ikamunyanganya bass. Mwaka mzima, akinisalimia ku soko, nilishika kitunga yangu nguvu na kupita.

Posho iliyopita Augustine alifungua kisanduku, aisafishe juu ya hii siku yako. Akaniita: "Mama, kuya uone." Ndani, transistori tupu. Na ku kila waya, uzi mwekundu. Uzi yangu, Lucien! Ni mukono yako mwenyewe.

Nilienda kwa Amédée bila hata kuvaa viatu. Niliposema "uzi mwekundu", alilia kama mutoto, kisha akasema yote. Ile mwezi ya kumi, vita ilikuwa imeanza, na basoda, askari ya serikali, balikuwa banatafuta fonie, ile radio ya kusema na maadui. Jirani moja alibaambia anaona mwangaza mwekundu ku dirisha yetu. Weye uliogopa batamubeba Augustine. Njo ukatoa lampe weye mwenyewe, ukatia ile transistori uliyotukana miaka kumi, na lampe ukamupa Amédée azifiche. Ukamuapisha: "Mpaka vita iishe, usiambie mutu. Tamar hata kidogo. Bakimupiga atasema." Kisha homa ikakubeba, korali haijapiga tena.

Minyi! Miaka makumi mbili mu nyumba yako, na weye unanishuku minyi! Ile iliniuma. Lakini ningesema nini? Minyi nilimushuku Amédée, mutu aliyekula ku sahani yako, na yeye akakubali kuitwa mwizi mwaka mzima juu ya neno alilokupa.

Alichimba chini ya nyumba ya kuku. Mu mukebe ya maziwa, lampe tatu, zimefungwa mu kitambaa ya korali, hata moja haikuvunjika. Nilimushika mikono: "Nilikukosea, baba. Unisamehe." Vita haijaisha, lakini jina yake haiwezi kungoja tena.

Ile jirani, jina yake sitaiandika hapa. Anajijua. Akileta ndizi, nazimenya minyi mwenyewe.

Kwa hiyo, siku ya Mungu kisha misa, mukuye bote ku parcelle yetu, hapa nyumbani. Dirisha tutaiziba na liputa, kitenge yangu. Lampe zimesharudia mu kisanduku, na bass imerudia mu mikono ya mwenye nayo. Atakaa pembeni yangu, ku mukeka tuliyomusimamisha.

Tunakukumbuka: minyi bibi yako Tamar, batoto Augustine na Chancelvie, dada yako Ngoie wa Kabondo-Dianda, na Amédée, tunayemuandika hapa kati ya jamaa, kila mutu asome.

Hatutakusahau hata siku moja, Lucien. Tutasali Baba Yetu pole pole, na kungoja. Na kama ku Amina ampli haijaimba, mara hii tutaanza kushuku weye.

Kamina, mwezi ya kumi na moja, 1999