Nyuzi za Shali ya Ndugu Yangu

Jumapili, Gatitu

Bila mimi hakuna bat mitzva, ile sherehe ya msichana wa Kiyahudi kuhesabiwa mtu mzima, inaweza kufanyika upande huu wote wa Mlima Kenya. Hata wazee wa sinagogi yetu wanajua hivyo, ingawa leo walipanga mambo saa mbili nzima bila kuniuliza kitu.

Nyambura, mtoto wa marehemu ndugu yangu, anafikisha miaka kumi na mbili mwezi ujao. Tulikuwa kwa mama yake. Nikawaambia nimewahi kupikia Wayahudi mia tano huko Murang'a. Mama Nyambura akacheka. "Shemeji, wewe hata chai huwa unaunguza."

Kisha mtoto akaniuliza polepole, "Anko, zile nyuzi za baba bado uko nazo?"

Tulipomzika baba yake tulimvalisha shali yake ya maombi, na kwa desturi yetu nyuzi za pembe moja zikakatwa. Nilipewa mimi, ati nimwekee mtoto.

"Nataka kuzishika siku hiyo nikisoma Torati," akasema. "Keki sitaki. Hata nguo mpya sitaki."

Nikamjibu ziko kwa benki, Nyeri mjini, ndani ya sefu, na meneja mwenyewe ananiogopa. Akatabasamu. Hajatabasamu hivyo tangu mazishi.

Ndugu yangu, nisamehe. Nitamwambia nini huyu...

Hakuna benki. Wakati wa mvua kamba ya kiatu changu ilikatika nikienda shambani, nikafunga kiatu na nyuzi zako. Nilipofika nyumbani hazikuwepo. Sikurudi kuzitafuta, kwa sababu nilikuwa nasikia njaa.