Nyumba Tatu za Mersin

Mersin, pwani ya Uturuki
Majira ya machungwa

Mke wangu mpenzi Mwanaidi, mama yake Saida,

Barua hii ikukute hapo Kinondoni mzima wa afya, wewe na mwanetu, na mama mkwe naye maumivu ya mguu yawe yamemwacha. Nampa shikamoo yangu kabla hajauliza kama nimemsahau. Nawe shemeji Shomari, unayemsomea dada yako, ahsante kwa kazi hiyo, ila nakuomba usome kama ilivyoandikwa. Safari ile uliongeza maneno yako, na jawabu lililonifikia halikuwa na kichwa wala miguu. Mie ni mzima. Kikohozi cha baridi kimekwisha.

Sasa tuje kwenye lile neno lako. Nilikuandikia kwamba bwana injinia ameongezewa mkataba wa gati, anataka nibaki naye nimpikie, na amekubali kulipa nauli yenu, wewe na Saida. Ukanijibu: "Nitakaa nyumba gani? Nieleze kwanza hiyo nyumba, ndipo nipande meli." Ni haki yako. Chumba changu kipo ubavuni mwa jiko la bwana, kitanda kikiingia mtu anatoka. Basi kila siku ya mapumziko nimekuwa nikizunguka na Hasan, dereva wa bwana, kutafuta nyumba. Tunaelewana kwa Kiingereza cha bandarini, yeye kibovu na mie kibovu. Tumeona tatu. Zote nimekutia ndani, maana nyumba tupu mie siielewi, lazima nikuweke mahali nikuone umekaa.

Ya kwanza iko mjini, ghorofani, juu ya tanuri la mikate. Alfajiri joto linapanda sakafuni na harufu ya mkate mpya inaingia mpaka kitandani. Ina kibaraza cha chuma kinachoning'inia juu ya njia. Nilisimama pale nikafumba macho, nikakuona umeegemea, khanga begani, unatazama farasi wa mikokoteni wakipita, na Saida anachungulia kati ya vyuma. Nilikaa nanyi muda, mpaka Hasan akanigusa: "Rafiki, umelala?" Nikamwambia hapana, nilikuwa nyumbani kwangu. Lakini haina uani. Nguo zinaanikwa kwenye kamba inayovuka njia mpaka dirisha la jirani, za nje na za ndani, kila apitaye anazitazama. Hapo nilijua utanirudisha mie pamoja na nyumba yangu.

Ya pili iko ufukweni, nje ya mji. Zamani ilikuwa ghala ya chumvi, na kuta ukizigusa kisha ukalamba kidole, chumvi bado ipo. Adhuhuri ilitukuta pale, tukasali. Nikakumbuka siku nilipofika nchi hii, nilivyotandika mkeka nikaelekea kaskazini kama tulivyofundishwa tangu chuoni, uso kwenye milima yenye theluji. Hasan akanishika mabega akanigeuza kama mtungi. Kumbe huku kibla ni kusini, upande wa bahari. Nikajiuliza, ng'ambo ya bahari ni Makka, na mtu akipita Makka akazidi kushuka, si anafika kwetu? Nyie mnaelekea juu, mie naelekea chini. Kila sala tunatazamana, Mwanaidi, bila kuonana. Tangu nilipolijua hilo sikosi sala ya jamaa.

Shemeji, hapa punguza sauti. Katika nyumba ile nilikuona umelala ubavu, dirisha wazi, bahari imetulia kimya, mwanga wa maji unacheza darini na kwenye mkono wako. Nikasahau kwamba nimesimama na kofia mkononi mbele ya mwenye nyumba, naye anangoja nimjibu. Haya, soma kwa sauti sasa. Nyumba hiyo upepo wa baridi unapita chini ya mlango, na Saida kifua chake unakijua mwenyewe. Nikaiacha, japo kwa shingo upande.

Ya tatu ndiyo niliyokuwa nikiiota. Iko juu kidogo, kwenye mashamba ya michungwa. Uani upo, umezungukwa na ukuta, una kisima katikati na jiko la nje kama letu. Nilipoingia tu nilikuona umenyoosha miguu juu ya jamvi unasuka ukili, na mtoto anaokota machungwa yaliyoanguka. Mwenye nyumba ni mama mmoja mtu mzima, anaitwa Bibi Emine, mjane, mkali wa macho lakini mkarimu. Alitukalisha, akaanza kutumenyea machungwa. Akauliza, Hasan akafasiri: "Mkeo ni mtu wa namna gani?"

Nikasema mpole. (Shemeji, usicheke.) Akanitazama, nikaona aibu kumdanganya, nikasema kweli: "Ni msemaji. Akikaa uani kwake na ukili mkononi, majirani wanaacha vyungu jikoni wanakuja kumsikiliza. Ana mizaha, mtu akiondoka pale mbavu zinamuuma."

"Anajua lugha yetu?"

"Hajui."

Hasan akadakia, "Atajifunza."

Bibi Emine akasema atajifunza, kwa nini asijifunze. Yeye mwenyewe aliletwa hapa bibi arusi kutoka kisiwa cha ng'ambo, wanakosema lugha nyingine, hajui hata neno la kuomba maji. Watu walikuwa wema, walimpa kila kitu. "Mpaka mwanangu wa tatu anatambaa," akasema, "ndipo nilipocheka mzaha wa jirani kwa kuwa nimeuelewa. Kabla ya hapo nilikuwa nacheka nikiwaona wenzangu wanacheka." Hakulisema kwa kulalamika. Alinipa kipande cha chungwa, akaniuliza kama nyumba nimeipenda.

Nilimjibu kwamba nimeipenda, kisha nikainamia lile chungwa. Maana mie huu ni mwaka wa pili nacheka hivyo hivyo. Wapishi wenzangu sokoni wakiangua kicheko, nami nafungua kinywa. Najua jina la kitunguu, la bamia, la samaki na la kisu. Zaidi ya hapo mie ni bubu, Mwanaidi, na sijawahi kukuandikia hilo kwa sababu nilikuwa naona haya.

Tukarudi kwa miguu, Hasan akisifu kile kisima. Mie nilikuwa nazipitia zile nyumba tena, moja moja. Kibarazani umeegemea, kimya. Ufukweni umelala, kimya. Uani una ukili wako, kimya, na kwenye jamvi hakuna mwingine. Saida angekuwa na lugha yao kabla ya mvua kwisha, watoto ndivyo walivyo. Lakini wewe ningekuleta huku ukae kwa miaka ukitazama midomo ya watu. Nilikuwa natafuta nyumba ya kutia upweke wangu, na wewe ndani yake unilindie. Niliona uchungu, nikajionea na haya.

Leo asubuhi nilipompelekea bwana chai nilimwambia asikate nauli mbili za kuja. Namwomba moja ya kurudi. Aliweka kikombe chini, akasema mkataba huu hatampa mtu mara mbili. Nikasema naelewa. Kisha akasema ataniandikia barua njema ya kazi. Najua ninachokiacha, na ile nyumba ya bati tuliyokuwa tukipanga kuijenga itangoja sana, pengine hatutaiona. Usinikasirikie kwa hilo, au nikasirikie nikishafika.

Nisalimie mama mkwe, umwambie bintiye haendi popote, alale usingizi. Nisalimie mjomba wangu Kibwana, fundi milango kule Temeke, aulizeulize kama kuna jiko linalotaka mpishi. Nisalimie Bi. Tatu, msusi wako na jirani yetu, na mwanangu Saida mbusu paji la uso. Shemeji Shomari, wewe nitakusalimia mwenyewe.

Mke wangu, uliniuliza nyumba gani. Ni hiyo uliyokaa sasa hivi ukisomewa barua.

Mie mumeo anayekuja,
Ramadhani